Dinamo ya trekta, jenereta au inveta: umeme ukikatika Dar, ipi ikufae?

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa Februari 2024, na mitambo yake tisa, kila mmoja megawati 235, ina uwezo wa jumla ya megawati 2,115. Mgao wa ratiba wa 2006 na 2011, na ule uliotusumbua tena mwishoni mwa 2023, watu wameanza kuusahau. Hata hivyo aliyejenga Kimbiji, Mabwepande, Chanika au kule Mapinga anajua kwamba umeme kujaa Rufiji ni jambo moja na taa kuwaka sebuleni ni jambo jingine. Upepo wa masika unalaza tawi la mwembe kwenye waya, nguzo inaoza chini na kuanguka, transfoma inaungua usiku, na gari la dharura lina mitaa mingine ya kupitia kabla halijafika kwako.

Huko huko pembezoni ndiko wengi wana eneo la ekari mbili tatu na trekta dogo uani. Pengine ni Kubota, Yanmar au Iseki iliyotumika, iliyoletwa kutoka Japani, ya hospawa 15 hadi 25. Pengine ni pawatila, trekta la kusukuma kwa mikono, ya zile zilizoenea enzi za Kilimo Kwanza, mwaka 2009 na kuendelea. Pengine ni Massey Ferguson kuukuu inayolimia kijiji kizima. Mwenye trekta hilo anajiuliza, na ana haki ya kujiuliza: nina injini nzima ya dizeli hapa, kwa nini ninunue jenereta nyingine? Si nifunge dinamo, mashine inayotoa umeme ikizungushwa, nyuma ya trekta mambo yaishe?

Inawezekana, na kwa baadhi ya watu ndiyo njia bora kuliko zote. Kwa wengine wengi ni hela iliyopotea. Nitaiweka dinamo ya trekta pembeni ya jenereta inayojitegemea na pembeni ya inveta yenye betri, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, nizipime kwa mambo ninayoona yanaamua kweli.

Nani yuko nyumbani?

Watu huanza kwa kuuliza ya kilowati ngapi. Mimi ningeanza kwa kuuliza nani yuko nyumbani umeme unapokatika. Mara nyingi unakatika saa mbili usiku, mvua inanyesha, nyumbani yupo bibi, watoto na dada wa kazi, na anayelijua trekta bado yuko kwenye foleni ya kivuko Magogoni.

Inveta haihitaji mtu. Umeme ukikatika inapokea yenyewe kwa muda mfupi mno, televisheni haijui hata kama kuna kilichotokea. Jenereta yenye swichi ya kuwashia inahitaji mtu mzima mmoja aliyeelekezwa: fungua mafuta, washa, subiri ipate moto, geuza chenjova, yaani swichi ya kuhamisha nyumba kutoka umeme wa TANESCO kwenda wa jenereta. Dinamo ya trekta inahitaji mtu anayejua kurudisha trekta nyuma hadi mahali pake, kufunga shafti gizani, kupandisha mzunguko hadi kwenye alama, kusoma mita, na kupachika mzigo mmoja mmoja. Kama mtu huyo ni mmoja tu kwenye familia, na huwa hayupo, basi nyumba haina umeme wa akiba hata kama dinamo ni ya kilowati 20.

Swali linalofuatana na hilo ni trekta lenyewe liko wapi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndipo nguzo huanguka sana. Masika hiyo hiyo ndiyo trekta liko shambani Mkuranga au limekodishwa kwa watu wanaowahi kulima. Ukilihitaji uani halipo, na kulirudisha ni kuacha hela ya siku nzima ya kazi. Anayelima eneo lake tu, trekta likilala nyumbani kila siku, hana tatizo hili. Anayekodisha alitie kwenye hesabu kabla hajatoa shilingi.

Dinamo ya trekta inavyofanya kazi, na inapokwama

Nyuma ya trekta kuna shafti fupi yenye meno, ndiyo PTO. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Dinamo yenye ncha nne za sumaku inatakiwa izunguke mara 1,500 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50 kama wa TANESCO. Yenye ncha mbili inataka 3,000. Kwa hiyo katikati lazima kuwe na giaboksi inayozidisha mzunguko, karibu mara 2.8 kwa ile ya kwanza na karibu mara 5.6 kwa ya pili. Ya ncha nne ni nzito na ghali zaidi, lakini inatulia na inadumu. Kwa mwenye uwezo wa kuchagua, hiyo ndiyo ya kununua.

Pawatila nyingi hazitumii shafti hiyo bali puli na mikanda, na hapo hesabu ni nyepesi. Injini ikizunguka 2,000 na dinamo ikitaka 1,500, puli ya dinamo iwe kubwa kuliko ya injini kwa kiasi kile kile: inchi 6 kwa injini, inchi 8 kwa dinamo. Ni mpango ule ule wa mashine ya kusaga unga inayozungushwa na injini ya silinda moja, na mafundi wanaoufahamu ni wengi. Ni njia ya bei nafuu kuliko giaboksi, ila mikanda hulegea na kuteleza mzigo ukija ghafla.

Mtego mkubwa uko kwenye dinamo zinazoagizwa kutoka Marekani. Kule umeme ni hezi 60, na giaboksi imepangwa ili 540 ya trekta itoe hizo 60. Ukitaka 50 lazima uliendeshe kwa 450, na ukishusha mzunguko kwenye dinamo ya namna hiyo unashusha na nguvu, na mara nyingi volti pia. Isitoshe, imepangwa kutoa volti 120 mbili zinazounganishwa kupata 240, na uwekaji wake wa nyutro si kama wa nyumba zetu. Vitu vya mtumba kutoka Japani navyo vina lake: umeme wa kule ni volti 100, hezi 50 mashariki na 60 magharibi. Soma kibao kilichogongwa kwenye mwili wa mashine kabla hujasikiliza sifa za muuzaji. Kama hakuna 230 na 50 zimeandikwa, endelea na safari yako.

Matrekta madogo ya Japani pia huwa na PTO ya gia tatu au nne. Gia ya kwanza ndiyo huwa karibu na 540; nyingine ni za mashine zinazotaka kasi. Mtu akiweka gia ya tatu kwa bahati mbaya, dinamo inazunguka karibu mara mbili ya ilivyopangwa na volti inapanda juu ya kiwango. Friji na televisheni hazisubiri uelezwe kosa ni la nani. Mwambie fundi akuwekee kizuizi kwenye kile kishikio cha gia, chuma kidogo tu cha kukizuia kisivuke ya kwanza.

Kuhusu ukubwa, kanuni inayofaa ni hospawa mbili za PTO kwa kila kilowati moja ya umeme. Trekta la hospawa 20 injini hutoa kama 16 kwenye shafti, kwa hiyo tegemea kilowati 8, usitegemee 15 hata kama dinamo imeandikwa 15. Dinamo kubwa haiongezi nguvu ya injini. Pawatila ya hospawa 12 ipe kilowati 5 au 6, isizidi.

Ukifika madukani Gerezani, jirani na Kariakoo, utamsikia muuzaji, "Kaka, hii kilowati kumi, inabeba nyumba nzima." Muulize ni fezi moja au tatu. Dinamo ya fezi tatu ya kVA 10 inatoa kama kVA 3.3 tu kwa kila fezi, na nyumba nyingi za kwetu zina fezi moja. Ukiibebesha fezi moja mzigo wote, koili ya upande huo inaungua na mbili zilizobaki bado ni mpya. Muulize pia koili ni shaba au alumini. Na ujue kwamba kVA si kilowati: kVA 5 kwa kawaida ni kilowati 4.

Mahali trekta linaposhinda

Nguvu ya kuanzishia mota. Hapa trekta halina mpinzani kati ya hizi tatu kwa mtu wa kipato cha kawaida.

Pampu ya kisima ya hospawa moja na nusu ikishaanza inakula kama kilowati 1.6. Lakini ile sekunde ya kuanza huvuta mara tatu hadi sita ya hapo. Jenereta ya petroli ya kVA 2.8, ile inayobebwa na watu wawili, hapo hushtuka, taa zinafifia, injini inakoroma na kuzima, au pampu inabaki inaunguruma bila kuzunguka mpaka inaungua. Inveta ndogo inakata na kupiga kelele. Trekta lenye gurudumu zito la injini na dinamo ya chuma kingi linatikisika kidogo tu, gavana (kidhibiti cha mzunguko wa injini) inaongeza mafuta, na maji yanapanda kwenye tangi. Kwa kaya za Kigamboni na Chanika zinazoishi kwa maji ya kisima, hilo ni jambo kubwa. Giza usiku mmoja linavumilika. Bila maji siku ya pili nyumba inageuka ya mateso.

Ukiwa na mashine ya kukoboa, mashine ya kuchanganyia chakula cha kuku, mashine ya kuchomelea au friza tatu za biashara ya samaki, mizani inazidi kuelemea upande wa trekta.

Faida ya pili haisemwi sana: injini inayofanya kazi kila wiki huwaka. Siku hizi jenereta nyingi mjini zinakaa miezi bila kuguswa kwa sababu mgao umepungua. Petroli inachacha ndani ya kabureta, betri inakufa, na siku ya shida unavuta kamba mpaka mkono unaisha. Trekta linalolima limebadilishwa oili, betri yake inachajiwa, dizeli yake ni mpya.

Mahali linaposhindwa vibaya

Mzigo mdogo. Chukua trekta la hospawa 45. Ili PTO ifike 540 injini lazima izunguke kwa kasi, kwenye mengi kati ya 1,500 na 2,500 kwa dakika, uwe unavuta umeme mwingi au taa moja. Kwa mzunguko huo, hata likiwa karibu bila mzigo, linakula lita 3 hadi 4 za dizeli kwa saa. Tuseme unataka friji, taa, feni na televisheni, jumla wati 600, kwa saa nne za jioni. Umetumia uniti 2.4 za umeme. Dizeli iliyoungua ni lita 12 hadi 16. Ukiweka lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi (bei halisi ni ile EWURA inayotangaza kila mwezi), ni shilingi 36,000 hadi 48,000. Uniti hizo hizo kwenye LUKU, kwa mteja wa kawaida wa T1 anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti, ni chini ya shilingi 900.

Trekta hilo hilo likibebeshwa kilowati 15 linakula kama lita 6 au 7 kwa saa, na hapo kila uniti inakutoka kama shilingi 1,300. Bado ni ghali kuliko TANESCO, ila ni gharama ya dharura inayoeleweka. Kwa maneno mengine, mzigo umeongezeka mara 25 na mafuta hayajafika hata mara tatu. Anayewasha trekta kubwa kwa ajili ya taa na chaji ya simu anachoma hela.

Anachoma na injini vilevile. Injini ya dizeli inayozunguka muda mrefu bila mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi na oili nyeusi vinaanza kutoka kwenye bomba la moshi, nozeli zinaziba. Trekta dogo la hospawa 20 lina unafuu, karibu lita moja na nusu kwa saa likiwa na mzigo mwepesi, na pawatila karibu lita moja. Ndiyo maana kwa nyumba ya kawaida pawatila yenye mikanda, japo inaonekana ya kizamani, inaweza kuwa na akili kuliko Massey Ferguson.

Utulivu wa umeme nao una mipaka. Jenereta nzuri ina gavana iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Gavana ya trekta ilitengenezwa kwa ajili ya jembe. Mzigo ukiingia mzunguko unashuka, ukitoka unapanda, na hezi zinafuata. Kile kifaa cha kurekebisha volti kwenye dinamo kinashika volti, hakishiki hezi. Njia ya kuishi na hilo ni kupanga mzunguko wakati hakuna mzigo uwe hezi 52, kisha uwashe mzigo mkubwa uone unatua wapi. Ukitua 50 au 49, sawa. Ukishuka chini ya 48, umeizidishia. Mita ya kusoma volti na hezi ni kifaa cha bei ndogo, na bila mita hiyo ukutani pembeni ya chenjova nisingewasha chochote chenye kompresa. Mafuta uyapange kwa ile liva ya mkono inayobaki ilipowekwa. Jiwe juu ya pedali halifai.

Jenereta inayojitegemea

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu inajulikana. Ya petroli ya kVA 2.5 hadi 3 inakula kama lita moja kwa saa kwenye nusu ya mzigo, inabebeka, na fundi wake yuko kila mtaa. Inafaa friji, taa, feni na pampu ndogo ya juu ya ardhi. Zile za kisasa zinazopunguza mzunguko mzigo ukipungua zina kelele kidogo na umeme wake ni safi kwa kompyuta, lakini bei yake imesimama juu. Ya dizeli ya kVA 5 hadi 10 ndiyo mpinzani wa kweli wa dinamo ya trekta: inabeba mota za wastani, gavana yake inatulia, haihitaji shafti, na inawashwa na mtu yeyote aliyeelekezwa.

Ukiwa huna trekta, usinunue trekta ili upate umeme. Nunua jenereta. Na ukiwa na trekta linalokodishwa muda mwingi, hesabu yako iko karibu na ya asiye na trekta.

Petroli nayo si ya kuweka chumbani. Dumu la lita 20 kwenye kordo ya nyumba yenye jiko la mkaa ni hatari kubwa kuliko giza. Dizeli haishiki moto kirahisi namna hiyo, na kwa nyumba yenye watoto hiyo ni sababu tosha ya kuipendelea.

Inveta na betri

Kwa nyumba nyingi za Dar, hata zenye bustani na kuku, hii ndiyo ningeiweka mbele. Sababu ni namna umeme wetu unavyokatika sasa: mara nyingi saa chache. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na Ah 100 inahifadhi kama uniti 5. Nyumba inayovuta wati 350 kwa wastani, yaani friji, taa za LED, feni mbili, televisheni na ruta, inafika kama saa 12 hata baada ya kutoa kinachopotea kwenye inveta. Inajichaji yenyewe umeme ukirudi. Paneli si lazima siku ya kwanza. Unaweza kuziongeza baadaye, na jua la Dar linatosha.

Betri za asidi ni nafuu dukani, lakini ya Ah 200 volti 12 ina uniti 2.4 kwa jina tu. Ukitaka idumu unatumia nusu. Joto ndilo adui yake. Kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha yake hupungua karibu nusu, na stoo ya bati ya Mbagala mchana wa Februari haina nyuzi 25. Kwa hiyo unafuu ule wa mwanzo unarudishwa kila unapobadilisha betri.

Inveta inashindwa kwenye vitu viwili. Mota nzito, kama nilivyosema, labda ununue inveta kubwa kuliko mahitaji yako mengine yote. Na muda mrefu: transfoma ikiungua ukakaa siku mbili, betri bila paneli ni sanduku tupu kuanzia asubuhi ya pili. Kiyoyozi cha BTU 12,000 nacho kinakula kama kilowati 1.1, kitaimaliza betri ile ndani ya saa nne.

Mfugaji wa kuku aangalie mzigo wake vizuri kabla hajanunua mashine kubwa. Vifaranga vingi hapa hulelewa kwa joto la jiko la mkaa, na umeme ni wa taa tu. Mashine ya kutotolea ndiyo yenye shida ya kweli, kwa sababu inataka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21; lakini mashine ndogo inakula wati chache, na hiyo ni kazi ya inveta kabisa. Trekta kuunguruma usiku kucha kwa ajili ya mayai mia mbili halina maana.

Ukiziunganisha mbili

Mwenye trekta na kisima, mpango ninaouamini ni huu. Inveta na betri zibebe nyumba, usiku na mchana. Umeme ukikaa siku bila kurudi, trekta liwashwe saa moja na nusu hadi mbili, mchana, mwenyewe akiwepo. Katika muda huo pampu inajaza tangi la lita 5,000, friza zinaganda, na inveta inachaji betri kwa ampea 50 au 60, ambayo ni karibu kilowati 3. Sasa trekta lina mzigo wa maana, dizeli inazaa, injini inapata joto, na hakuna anayehangaika na shafti gizani. Betri ile ya uniti 5 inakuwa imejaa au karibu.

Jaribu jambo moja kabla ya siku ya shida: inveta nyingi hukataa umeme ambao hezi zake zinayumba. Ndani ya mpangilio wake kuna chaguo la kupokea umeme wa viwango vipana. Fundi alichague, kisha muwashe trekta mwone kama inachaji bila kukatakata.

Shafti na moshi

Mizunguko 540 kwa dakika ni mara 9 kwa sekunde. Ncha ya kanga ikishikwa na shafti isiyo na kifuniko, kabla mtu hajasema "jamani" imeshajizungusha kiunoni. Injini haisikii uzito wa binadamu. Kwetu watu wanavaa kanga, baibui, shuka, misuli na mashati marefu, na watoto wanapenda kusogelea kinachozunguka. Kwa hiyo bomba la plastiki linaloifunika shafti, pamoja na vile viminyororo vyake vinavyolizuia lisizunguke, ni la lazima. Likipasuka, trekta lisiwashwe mpaka lipatikane jingine. Weka uzio wa mbao au chuma kuzunguka sehemu hiyo, mlango ukifungwa kwa nje. Hakuna kuruka juu ya shafti. Hakuna kumwaga oili ikiwa inazunguka. Dinamo yenyewe ifungwe kwa boliti kwenye zege au kwenye mikono ya nyuma ya trekta, maana mzigo ukiingia hujaribu kuipindua.

Moshi wa injini yoyote, ya trekta au ya jenereta ndogo, una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Barazani, chini ya dirisha, ndani ya gereji hata kama mlango uko wazi, stoo: kote huko hapafai. Watu huingiza jenereta ndani wakiogopa wezi. Afadhali mnyororo mzito na kibanda cha nondo nje, mbali na madirisha, upepo wa baharini ukipeleka moshi upande usio na nyumba.

Chenjova inunuliwe kwanza

Ule waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani ili "kurudisha" umeme ndani ya nyumba, uchomwe moto leo. Meno ya plagi ile yako wazi na yana volti 230. Na mtu akisahau kuzima meni swichi, umeme wako unatoka nje, unapita kwenye transfoma kinyume, na laini ambayo fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anadhani imekufa inapata volti elfu kadhaa. Ana watoto kama wewe.

Chenjova ya mkono ya ampea 63 yenye nafasi tatu, TANESCO, kuzima, jenereta, inakata laini na nyutro zote mbili kabla haijaunga upande wa pili. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, pamoja na fimbo ya ethi ya dinamo iliyozamishwa kwenye udongo wenye unyevu. Mchanga mkavu wa Kigamboni unataka fimbo ndefu au zaidi ya moja. Mwambie akupangie pia mizigo: saketi ya taa na friji upande mmoja, pampu na viyoyozi upande mwingine wenye breka zake, ili mtu aweze kuwasha kimoja baada ya kingine, kikubwa kikianza.

Chenjova hiyo itatumika na dinamo ya trekta, itatumika na jenereta, na kwenye nyumba yenye inveta itakaa upande wa kuingizia. Ndiyo maana hela ya kwanza kabisa, hata kabla hujaamua kati ya hizi tatu, ningeiweka hapo na kwenye ethi. Hela ya pili nenda nayo dukani ukiwa na mita yako mkononi na namba ya hospawa ya pampu yako umeiandika kwenye karatasi, uombe wawashe mashine mbele yako ikiwa na mzigo wa kweli.